Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Taaluma, Tanga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa. Shikamooni.

Tunakushukuru kwa kuja. Mwaka huu klabu yetu imejifunza vinasaba kupitia bakteria mmoja, Orientia, anayeleta ugonjwa wa homa ya vichakani (scrub typhus) na kuenezwa na utitiri wa vichakani. Wazazi waliposikia utitiri walidhani tumeanza kufuga kuku. Huu ni mwingine: huuma ukiwa bado lava, yaani mchanga, na palipoumwa mara nyingi hubaki kidonda kikavu cheusi. Siku kadhaa baadaye huja homa kali na kuumwa kichwa. Dawa ya penisilini haisaidii, ya doksisaiklini husaidia.

Kilichotunogea ni vinasaba vyake. Mwaka 2007 wanasayansi wa Korea Kusini walitangaza kwamba wamesoma vinasaba vyote vya aina moja ya bakteria huyo, iitwayo Boryong: herufi za kinasaba kama milioni 2.1, zaidi ya theluthi yake vipande vinavyojirudia. Kuvipanga ni sawa na kuunga kanga iliyokatwa vipande mia, vingi vikiwa na ua lile lile. Ndiyo maana, kutambua aina, maabara nyingi husoma jeni ya protini moja ya ganda la nje. Hapo ndipo aina zake nyingine, Karp, Gilliam na Kato, hutengana.

Zamani ugonjwa huu ulihesabiwa kuwa wa Asia na kaskazini mwa Australia. Mwaka 2010, vinasaba kutoka kwa mgonjwa aliyetokea Dubai vilitambulisha spishi mpya, Orientia chuto. Jirani zetu Kenya nao wamekuta vinasaba vya jamii ya Orientia kwenye utitiri huko Baringo, na panya wanaoubeba hawaombi pasi ya kusafiria. Hatusemi ugonjwa upo Tanga. Tunasema mtu wa Muheza akitoka kupalilia michungwa na homa, kipimo kikasema hana malaria, asirudishwe nyumbani na panado tu.

Kwa vitendo tumeishia kwenye ndizi. Tuliiponda na chumvi na sabuni ya maji, tukachuja kwa kitambaa, tukamimina spiriti baridi taratibu. Nyuzi nyeupe, ndivyo vinasaba vya ndizi, zikapanda juu, tukazizungushia kijiti. Spiriti tuliipoza kwa barafu ya wauza samaki. Darubini yetu ina lenzi moja nzima.

Tunaomba darubini mbili, friji dogo, na basi la siku moja la kutupeleka kituo cha Amani, Muheza, cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Kama uwezo ni wa kimoja, Mheshimiwa, tupe basi.

Tunaomba kuwasilisha.