Majaribio ya viuagugu vipya katika mashamba ya zabibu

Ndugu wanakikundi,

Kabla mvua hazijaotesha magugu upya katika mashamba yetu ya zabibu hapa Dodoma, naomba kila atakayejaribu kiuagugu kipya ahakikishe kwanza kuwa kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, kisha atenge mistari michache tu, na mmoja asiupulizie kabisa ili tuwe na cha kulinganishia. Glaifoseti, mojawapo ya viuagugu, husafiri ndani ya gugu hadi mizizini, ndiyo maana hutumika dhidi ya magugu sugu kama ndago, lakini ikigusa majani au shina bichi la mzabibu huudhuru vilevile. Miche michanga, kwa maoni yangu, tuipalilie kwa jembe. Tafadhali pulizieni asubuhi kukiwa hakuna upepo, na muandike tarehe, kipimo na magugu yaliyosalia.