Salim, usimlipe mpiga chapa bado

Sahibu Salim,

Assalaam alaykum. Natumai mama ameshainuka. Habari nyingine zitafuata, maana Kassim kaniambia Ijumaa unapeleka arubuni ya nakala 300 za hadithi yako ya New Mombasa. Tafadhali izuie hiyo pesa kwanza.

Hadithi ni tamu, yule muuza kahawa na dele lake hanitoki kichwani. Lakini New Mombasa ya mwaka 2552, Superintendent, ile akili unde inayoendesha jiji, jeshi la Covenant linalovamia kutoka angani, Sadie Endesha na babake, wote wametoka mchezo wa video wa Halo 3: ODST, na Halo ni mali ya kampuni ya Microsoft. Wamelijenga jiji lao juu ya mji wetu, kweli, ila hilo halitupi haki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inamwachia mwenye kazi uamuzi wa nani aigeuze kuwa kazi nyingine. Na Kassim asikudanganye na ISBN. Utaipata Maktaba ya Taifa, sawa, lakini ni namba ya kukitambulisha kitabu tu, si ruhusa.

Microsoft wana kanuni zao za mashabiki: tunga, sambaza, mradi usiuze. Ukitoza hata pesa ya karatasi, umeshauza. Na kuna kifungu ambacho wengi hukiruka: ukiongeza sura au historia mpya kwenye ulimwengu wa mchezo, unawapa haki ya kuitumia bila kukulipa. Kwa hiyo muuza kahawa wako wanaweza kumchukua! Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Kuwaandikia wakupe mkataba nako usitegemee. Riwaya rasmi za michezo huagizwa na kampuni yenyewe, na nyingi hazifungui hata muswada ambao hazikuuomba.

Ukitaka isomwe kama ilivyo, iweke bure Archive of Our Own, tovuti ya hadithi za mashabiki. Unaomba mwaliko kwa barua pepe, unangoja zamu, kisha unaweka sura moja moja na kuchagua Kiswahili kwenye lugha. Muhtasari usizidi herufi 1,250. Usiache rasimu humo, hufutwa baada ya kama mwezi mmoja. Na usitie namba ya M-Pesa popote. Wanakataza biashara ya aina yoyote.

Lakini mimi ningeivua Halo yote, kisha ndiyo uchapishe. Mombasa haina hakimiliki. Mnara wa kupandia angani ni wazo la zamani kuliko mchezo, na sheria hailindi wazo, inalinda namna lilivyoelezwa. Ndiyo maana kubadili majina peke yake hakutoshi: askari mfupi mwenye mtungi wa methane mgongoni ni Grunt tu, yule askari wa Covenant, hata umwite Kibwana. Mpe mwili mwingine, pumzi nyingine, sababu nyingine ya kuja pwani. Sura ya nne ndiyo ngumu. Meli ya angani inaruka juu ya jiji, mnara unaporomoka, vilevile kama kwenye mchezo. Tafuta kisa chako cha kuuangusha. Kwa nini usiwe ule waya ambao mafundi wa bandari wanaulalamikia tangu sura ya pili? Tayari umeupanda mwenyewe. Sadie mwondoe kabisa. Jalada nalo libadilishwe, ile kofia ya chuma imenakiliwa kwenye kasha la mchezo.

Sura zako bora, ya kwanza, ya tatu na ile ya kivuko cha Likoni, hazina Covenant hata mmoja. Ukisoma hizo tatu mfululizo utaona kitabu kimeshasimama.

Sasa nijibu: umeshatia saini popote? Arubuni ni kiasi gani, na anairudisha ukiahirisha? Jalada kachora nani, yule mpwa wa Kassim? Na muuza kahawa, mbona hana jina mpaka mwisho, ni makusudi? Nitumie sura ya nne kwanza, hata kama haijakamilika. Nipigie kabla ya Ijumaa.

Wako,
Athumani