Mwanangu ana nafasi gani? Tunavyopima maombi ya vyuo vya Marekani vinavyochuja sana

Ujumbe unaotufikia sisi washauri wa udahili mara nyingi kuliko wowote hauzidi mistari miwili: "GPA 3.9, SAT 1480, kiongozi wa wanafunzi, anataka Yale. Ana asilimia ngapi?" (GPA ni wastani wa alama za shuleni; SAT ni mtihani wa kuombea vyuo.) Anayeuliza ni mama au baba aliyekaa na swali hilo kwa muda, na tunajua angefurahi kupewa namba moja ili alale. Namba hiyo hatuitoi. Tunachotoa ni kitu kingine, na tungependa mzazi akielewe kabla hajatulipa.

Tuanze na kiwango cha udahili ambacho kila mtu anakitaja. Kwa wanafunzi walioingia mwaka 2024, Harvard ilipokea maombi zaidi ya 54,000 na kuwakubali watu wasiofika 2,000. Hiyo ni chini ya asilimia 4. Mzazi akiisoma hujiambia, basi mwanangu ana asilimia 4, na kwa kuwa ana alama nzuri tuseme 10. Lakini hiyo 4 ni wastani wa watu wasiofanana. Kesi iliyofunguliwa dhidi ya Harvard mwaka 2014, kuhusu matumizi ya rangi katika udahili, ilianika takwimu ambazo kwa kawaida hubaki ndani ya ofisi: katika miaka iliyochunguzwa, wanamichezo waliotafutwa na makocha walikubaliwa kwa zaidi ya asilimia 80, na watoto wa wazazi waliosoma pale kwa takriban theluthi moja, huku kiwango cha jumla kikiwa kama asilimia 6. Nafasi hizo zikishatoka, waliobaki wanapita kwenye mlango mwembamba kuliko ule uliotangazwa. Vyuo vingine havina mlango huo wa pembeni kwa watoto wa wahitimu: MIT haiangalii kabisa kama mzazi alisoma pale, na Amherst iliacha mwaka 2021. Kwa hiyo asilimia ileile 5 katika vyuo viwili haina maana moja.

Kesi hiyohiyo ina takwimu nyingine ambayo huwa tunamwonyesha mzazi mapema, kwa sababu hakuna kauli yetu inayoishinda. Kwa kundi lililoingia 2015, Harvard ilikuwa na waombaji wa ndani ya Marekani kama 26,000. Kati yao, 3,500 hivi walikuwa na alama kamili za hisabati kwenye SAT, 2,700 hivi alama kamili za lugha, na zaidi ya 8,000 walikuwa na GPA isiyo na doa. Nafasi zilizotolewa kwa dunia nzima zilikuwa kama 2,000 tu. Mtoto mwenye alama za juu kabisa akikataliwa, si lazima mtu awe amemwonea wala mtoto awe amekosea. Alama zake zilimfikisha mahali ambapo maelfu wengine nao walikuwa wamefika.

Kesi hiyo ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwezi Juni 2023 mahakama ikazuia vyuo kutumia rangi ya mwombaji kama kigezo. Tunalisema hili waziwazi kwa sababu bado kuna wazazi walioambiwa kwamba mtoto wa Kiafrika "anapita tu." Sivyo. Mtoto anaweza kuandika katika insha jinsi asili yake ilivyoyaathiri maisha yake, na kinachopimwa hapo ni yeye mwenyewe na alichokifanya na maisha hayo.

Sasa, faili likitufikia tunalisomaje? Kitu cha kwanza mezani ni transkripti, yaani rekodi ya masomo mwaka kwa mwaka, na hatuanzi na wastani ulioandikwa chini. Tunaisoma kwa mpangilio wa miaka. Chukua wanafunzi wawili. Wa kwanza ana GPA ya 4.0 safi, yaani A tupu, lakini mwaka wa mwisho ameacha hisabati na kuchukua masomo mepesi. Wa pili alipata B ya kemia akiwa darasa la 10 (sekondari ya Marekani huishia darasa la 12), akarudi mwaka uliofuata kuchukua kemia ya kiwango cha AP (masomo ya ngazi ya chuo yanayofundishwa sekondari), akapata A. Kwenye karatasi wa kwanza anaonekana bora. Sisi tungemtetea wa pili mbele ya chuo chochote, hasa akiomba sayansi, kwa sababu maafisa wa udahili wanataka kujua mtoto atafanya nini somo likimkaba koo.

Halafu tunaitafuta karatasi ambayo wazazi wengi hawajawahi kuiona: wasifu wa shule. Mshauri wa shule huituma pamoja na maombi, nayo hueleza shule inafundisha masomo gani ya kiwango cha juu, inapangaje alama, na wahitimu wake huenda wapi. Mtoto husomwa kwa kulinganishwa na alichopewa. Shule ikiwa na kozi 20 za AP naye kachukua 2, hilo ni swali atakalopaswa kulijibu. Shule ikiwa haina hata moja, hakuna wa kumlaumu. Mara nyingi afisa anayelisoma faili ndiye anayeshughulikia eneo hilo kila mwaka, na shule hiyo anaijua. Sisi tusiposoma wasifu wa shule tunakuwa tunabahatisha, na mtandao unaompa mtoto asilimia bila kuuliza anasoma shule gani unabahatisha vilevile.

Kuhusu mitihani tutakuwa wafupi. MIT ilirudisha sharti la SAT au ACT, mtihani mwingine kama huo, mwaka 2022, na mwaka 2024 Dartmouth, Brown, Harvard na Caltech zikatangaza kufanya hivyo pia. Chuo Kikuu cha California, kwa upande mwingine, hakiziangalii kabisa alama hizo katika kudahili. Ili kujua alama ya mwanao inasimama wapi, tafuta waraka uitwao Common Data Set, ambao vyuo vingi hutoa kila mwaka. Sehemu ya C inaonyesha alama za nusu ya kati ya walioingia, na kwenye C7 chuo chenyewe kinataja kipi kwake ni muhimu sana, kipi kinazingatiwa tu na kipi hakiangaliwi. Angalizo moja: chuo kisipolazimisha mtihani, wanaotuma alama kwa wingi ni wale waliozifurahia, kwa hiyo kiwango kinachochapishwa hupanda kuliko hali halisi.

Orodha ya shughuli ndiyo inayotuchukua saa nyingi. Common App, fomu ya pamoja ya kuombea vyuo vingi, inampa mtoto nafasi 10, na kila shughuli ina herufi 150 za kuielezea. Herufi, si maneno. Wengi huandika "Mwanachama wa klabu ya mazingira" wakasonga mbele. Tunapoketi na mtoto na kumuuliza anafanya nini hasa kwenye klabu hiyo, hadithi inabadilika: kumbe kila Jumamosi hupima maji ya mto, huyaweka matokeo kwenye jedwali, na jedwali hilo mwalimu wake wa biolojia anafundishia. Hayo yanaenea kwenye herufi 150 na bado zinabaki. Hatumwandikii. Tunauliza hadi aseme, kisha anaandika mwenyewe.

Na kuna nafasi ambayo katika nyumba zetu huachwa wazi karibu kila mara. Mtoto anawachukua wadogo zake shuleni, anapika, anakesha na bibi mgonjwa, anamtafsiria mama kwa daktari na kujaza fomu za serikali tangu ana miaka 11. Ukimuuliza shughuli zake, anasema hana. Kwa malezi yetu hiyo si sifa, ni wajibu, na mtu hajisifii wajibu. Lakini Common App ina kundi lake maalumu la majukumu ya kifamilia, na afisa akiona saa 20 kwa wiki za kulea wadogo anaelewa kwa nini mtoto huyu hakuwa kwenye timu ya midahalo. Asipoziona, anaona pengo. Tumeshawahi kulisoma faili zima tukaliona la kawaida, hadi mama akataja jambo hilo kwa kupitia tu, akiwa amesimama kuondoka. Tathmini yetu ilibadilika hapohapo.

Sasa tuje kwenye hesabu inayowapoteza hata wazazi waliosoma hisabati. Wanasema hivi: tukiomba vyuo 20, kila kimoja kina nafasi ya asilimia 5, basi uwezekano wa kupata walau kimoja ni asilimia 64. Ukipiga hesabu kama ya kurusha kete, ni kweli inatoka 64. Lakini maombi si kete. Faili ni lilelile, na insha kuu, transkripti na barua za walimu ni zilezile. Kilichomfanya afisa wa chuo cha kwanza asite ndicho kitakachomfanya wa pili asite. Kama faili lina udhaifu, linabeba udhaifu huo kwenda kote 20. Ndiyo maana kuongeza vyuo vinane vingine vya ngazi ya Harvard hakumlindi mtoto. Kunakomlinda ni kubadilisha ngazi za vyuo vilivyomo kwenye orodha. Hapa ndipo tunapobishana na wazazi zaidi, na hapa hatulegezi.

Maombi ya mapema yana faida yake, ila yasomwe kwa makini. Yapo yanayomfunga mwombaji: anaomba chuo kimoja, mara nyingi kufikia tarehe 1 Novemba, na akikubaliwa anajitoa kwingine kote. Vyuo vingi hukubali asilimia kubwa zaidi hapo, ingawa ndani ya asilimia hiyo wamo pia wanamichezo waliokwisha kuchaguliwa, kwa hiyo faida halisi ni ndogo kuliko inavyoonekana. Harvard, Yale, Princeton na Stanford wana utaratibu wa mapema usiofunga, ila kwa ujumla unamzuia mtoto kuomba mapema vyuo vingine binafsi. Tatizo la kujifunga ni fedha. Familia haitapata nafasi ya kulinganisha ofa za misaada. Msaada usipotosha, chuo humruhusu mtoto ajitoe, lakini muda wa kuandaa maombi mengine unakuwa umebaki kidogo.

Fedha, kwa kweli, ingestahili kuja kwanza, kwa sababu kwa mwombaji wa kimataifa inaingia moja kwa moja kwenye nafasi yake ya kukubaliwa. Vyuo vichache, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin, hudahili wanafunzi wa kimataifa bila kuangalia uwezo wao wa kulipa, kisha hutimiza mahitaji yao yote. Vingi vilivyobaki huangalia. Mtoto yuleyule, kwa alama zilezile, akiomba msaada mkubwa anaweza kukataliwa mahali ambapo angekubaliwa kama mzazi angelipa mwenyewe. Mtoto mwenye uraia au kadi ya ukaazi wa kudumu huhesabiwa wa ndani na hujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali ya Marekani, hata kama wazazi wake walifika juzi. Kwa hiyo swali letu la tatu kwa familia, baada ya transkripti na shule, ni kiasi gani mnaweza kutoa kwa mwaka bila kukopa. Tunajua si rahisi kulijibu mbele ya watu msiowajua. Bila jibu hilo, hata hivyo, tungewapa orodha ya vyuo ambavyo mtoto anaweza kukubaliwa na asiende. Vyuo vinavyotoa misaada ya serikali ya Marekani vilitakiwa kisheria, kufikia mwaka 2011, kuweka kikokotoo cha gharama kwenye tovuti zao. Kwa familia za ndani kinasaidia sana, na ni bure.

Mwisho wa kazi mzazi anapata waraka. Kila chuo kwenye orodha ya mtoto kinawekwa kwenye moja ya ngazi tatu: kilicho mbali, kinachomlingana, na kile ambacho tungeshangaa akikosa. Mbele ya kila kimoja tunaandika sababu kwa sentensi kamili, na tunataja nini kinaweza kuisogeza tathmini kabla ya tarehe ya mwisho. Vyuo vinavyokubali chini ya mmoja kati ya kumi tunaviweka mbali kwa kila mtoto, hata aliye bora kuliko wote tuliowahi kumsoma. Carnegie Mellon tunaiandika mara mbili mtoto akitaka kompyuta, kwa sababu kitivo chake cha kompyuta huchuja kuliko chuo kwa jumla.

Wakati mzuri wa kuja ni nusu ya pili ya darasa la 11, rekodi ya masomo ikiwa imekwisha kukomaa na bado kuna kiangazi cha kuandika. Mtoto wa darasa la 9 hatumfanyii tathmini hata mzazi akisisitiza. Tunakaa naye mara moja kupanga masomo, halafu tunamwacha awe mtoto.

Ukija, leta transkripti, wasifu wa shule ambao mshauri atakupa ukiomba, orodha ya shughuli hata kama imeandikwa kwa penseli, na ile hesabu ya kiasi mnachoweza kutoa kwa mwaka. Na mje na mtoto mwenyewe. Nusu saa ya kwanza huwa tunazungumza naye peke yake, na mzazi tunamwomba atusubiri nje.