Peptidi za kumeza haziyeyushi mabonge ya protini

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumzie vidonge vya peptidi, yaani vipande vifupi vya protini, vinavyonadiwa kwenye simu, huku Mtwara pia, kwamba vinayeyusha protini zilizogandamana kwa wagonjwa wa Alzheimer (ugonjwa wa ubongo unaopoteza kumbukumbu) na kisukari. Utafiti wanaouegemea wauzaji ni wa kweli, ila hauhusu kidonge.

Anayeshona mikeka ataelewa upesi. Protini yenye madhara hunyooka kama ukili, kisha kili hushonana ubavu kwa ubavu hadi zikawa nyuzi ngumu. Katika Alzheimer, ukili huo ni beta-amiloidi, yenye asidi amino (viungo vinavyojenga protini) 40 au 42. Mwaka 1996 watafiti wa Sweden walionyesha kuwa kipande chake cha asidi amino tano tu, ya 16 hadi ya 20, hunata kwenye beta-amiloidi na kuizuia isiunde nyuzi. Baadaye vipande vya namna hiyo viliongezwa prolini, asidi amino yenye kona: ikikaa ukingoni, ukili unaofuata hauna pa kushonwa.

Amilini, homoni ya kongosho yenye asidi amino 37, inaonyesha jambo hili vizuri zaidi. Ya binadamu hugandamana katika kisukari cha aina ya 2. Ya panya haigandamani, kwa kuwa ina prolini nafasi ya 25, 28 na 29. Prolini hizo tatu zilipowekwa kwenye amilini ya binadamu ikapatikana pramlintidi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005. Hudungwa chini ya ngozi, na kazi yake si kuvunja mabonge. Imeundwa ili yenyewe isigandamane.

Peptidi ya kawaida ikimezwa, kimeng'enya cha pepsini huikatakata tumboni, kile cha tripsini huendelea utumbini, na kinachoingia kwenye damu ni karibu kilekile kitokacho kwenye kunde na dagaa. Hata ikidungwa, mishipa ya damu ya ubongo haipitishi peptidi nyingi.

Mgonjwa wa kisukari ana la kufanya lililo karibu zaidi. Insulini yake, asidi amino 51, nayo hugandamana kwa joto na kwa kutikiswa. Ambayo haijafunguliwa ikae kwenye nyuzijoto 2 hadi 8 za Selsiasi, wala isigande barafu. Ile nyeupe kama maziwa izungushwe polepole kati ya viganja. Ile angavu ikionekana ina chembe au ukungu, isitumike. Pasipo friji, chungu chenye maji husaidia kusi ikivuma. Msimu wa mvua, hewa ya pwani ikijaa unyevu, hakipozi vya kutosha.

Walimu wa kemia na baiolojia,
Mtwara