Kura ni zilezile, serikali si ileile

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie namna siasa za dunia zinavyosomwa. Wanafunzi wengi wanajua aliyeshinda juzi na aliyepinduliwa jana, lakini ukiwauliza kwa nini jambo la aina moja huzaa matokeo tofauti katika nchi mbili, wengi hunyamaza, na hilo ndilo swali ambalo somo la siasa linganishi lipo kulijibu.

Chukua mwaka 2024. Mwezi Mei, chama cha ANC cha Afrika Kusini kilipata takriban asilimia 40 ya kura na viti 159 kati ya 400, kikalazimika kutafuta washirika wa kuunda nao serikali. Wiki tano baadaye, chama cha Labour cha Uingereza kilipata chini ya asilimia 34 ya kura, kikajizolea viti 411 kati ya 650 na kutawala peke yake. Kumwambia msomaji kwamba kimoja kimeanguka na kingine kimeshinda kwa kishindo si kosa, ila kunamficha jambo kubwa zaidi: Afrika Kusini hugawa viti kwa uwiano wa kura, ilhali Uingereza humpa kiti anayeongoza jimboni, hata asipofikisha nusu ya kura. Ndani ya uchaguzi huohuo wa Uingereza, chama cha Reform UK kilipata asilimia 14 ya kura na viti 5 tu. Chama kingine, Liberal Democrats, kwa asilimia 12, kilipata viti 72, kwa kuwa kura zake zilirundikana katika majimbo kilichoweza kuyashinda.

Sidai kwamba kanuni za uchaguzi hueleza kila kitu. ANC ilikuwa na zaidi ya asilimia 57 mwaka 2019, na msingi wa kugawa viti kwa uwiano haukuwa umebadilika. Anguko lile lazima litafutiwe sababu katika ukosefu wa ajira, mgao wa umeme na kuzaliwa kwa chama kipya cha Jacob Zuma, rais wa zamani wa nchi hiyo. Kulinganisha kunakofaa ni kule kunakotenganisha sababu hizi na zile za kanuni, na kazi hiyo inahitaji subira ambayo habari za kila saa hazimpi mwanafunzi.

Kwa hiyo nakuomba, Mhariri, kila mnapochapisha matokeo ya uchaguzi wa nchi yoyote, mweke asilimia ya kura kando ya idadi ya viti, na sentensi moja inayoeleza jinsi viti hivyo vinavyopatikana. Walimu tutauchukua ukurasa huo darasani siku hiyohiyo.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa siasa