Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka 2024, Misiba ya Taifa na Misiba Yetu

Ndugu wanachama, wazee wangu, akina mama na vijana,

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti, kila Januari, awasomee wanachama mambo ya mwaka uliokwisha: waliotutoka, yaliyolipata taifa na yaliyokigusa chama chetu cha kuzikana. Majina ya marehemu wetu katibu ameshayasoma, tumesimama na kila mmoja ameomba kwa dini yake. Hesabu za fedha ni za mhazini, atazisoma nikishuka. Mimi nina hoja moja ya kuwafikishia, kifungu cha kusafirisha maiti, na bila kuupitia mwaka wenyewe hoja hiyo haitakuwa na mashiko. Mnivumilie kidogo.

Januari tulikuwa kwenye mpira. Taifa Stars walikwenda AFCON kule Ivory Coast, wakafungwa na Morocco, wakatoka sare na Zambia na Congo, wakarudi. Basi.

Februari ndiyo iliyokuja na misiba mikubwa. Tarehe 10 alifariki Edward Lowassa, Waziri Mkuu kuanzia mwisho wa 2005 hadi alipojiuzulu Februari 2008 kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond. Mwaka 2015 aligombea urais akiwa upinzani na kupata kura zaidi ya milioni 6, kisha 2019 akarudi CCM. Humu ndani wapo waliompigia kura na wapo waliomzomea, nawajua, na siku ile wote walikaa mbele ya redio moja. Alizikwa kwao Monduli.

Kabla matanga hayajasahaulika, jioni ya tarehe 29 Rais Samia akatangaza kifo cha Mzee Ali Hassan Mwinyi, Rais wa awamu ya pili. Alifia hospitali ya Mzena, Dar es Salaam, kwa saratani ya mapafu, akiwa na miaka 98. Mwezi wa Mei angetimiza 99. Bendera zilipepea nusu mlingoti siku 7, naye akazikwa Mangapwani, Unguja, tarehe 2 Machi. Mtani wangu mmoja, ambaye yumo humu na anajijua, alisema Mzee Ruksa ameondoka kwa hesabu: amefariki tarehe inayokuja mara moja kwa miaka minne, ili wanaoandaa hitma wasiingie gharama kila mwaka. Watani nao wana kazi yao msibani, tukacheka.

Ila vijana waliocheka hawakujua tulikotoka. Mzee Mwinyi alipopokea nchi mwaka 1985, sabuni ya mche ilikuwa ya foleni pale RTC, duka la serikali la mkoa, sukari ya kugawiwa, na kanga uipate kwa kujuana. Wazee wa chama hiki wanasimulia kwamba hata sanda ilikuwa ya kibali. Mtu amekufa asubuhi, mwanawe anazunguka na karatasi kwa balozi, kwa katibu, mpaka dukani, na huko anaambiwa kitambaa kimekwisha. Chama cha kuzikana kama chetu mtaji wake wa kwanza ulikuwa jora la bafta lililofichwa kwenye sanduku la mtu mwaminifu. Ruhusa ya kuingiza bidhaa ilipotolewa, maduka yakajaa, mitumba ikafika hadi magulio ya Newala, na jora lile likaacha kuwa siri. Wapo wanaomlaumu Mzee kwa mengine ya miaka ile, kwa mfano kulegea kwa miiko ya uongozi baada ya Azimio la Zanzibar la 1991, na lawama hizo zina watu wake wenye hoja nzito. Mimi nasimama upande wa sanda.

Sasa Mei, na hapa nitakaa.

Kimbunga Hidaya kilikuwa kimeshatangazwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa siku kadhaa kabla. Tulisikia, na wengi tulifikiri kitapita baharini kama vingine. Usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 4 Mei upepo ukaanza kuvuta mabati. Ndani ya saa 12 hivi Mtwara ilipata mvua ya zaidi ya milimita 75, wakati wastani wa mwezi mzima wa Mei hapa kwetu ni milimita 54. Kimbunga chenyewe kiliingilia Mafia na kupungua nguvu, lakini mvua yake ikaimwagikia pwani yote ya kusini, Kilwa wakiumia kuliko sisi.

Siku hiyo tulikuwa na maziko. Waliokuwepo wanakumbuka kaburi lile: udongo wetu wa mchanga haushikani ukiloa, ukichimba unashuka, ukizoa unashuka tena. Vijana waliteremka na ndoo, mmoja anachota chini, mmoja anapokea juu, maji ya rangi ya chai yanarudi. Mwishowe fundi mmoja akabomoa kitanda cha mbao cha nyumba ya jirani, kwa ruhusa ya mwenyewe, mbao zikasimamishwa kuta mbili za kaburi, na mwanandani ukapata nafasi ya kukaa sawa. Turubai letu kubwa lilichanika pembeni kwa upepo. Kitanda kile tumekilipia. Mtaona kwenye hesabu.

Hilo la kaburi tulilimudu. Lililotushinda ni barabara. Maji yalikata barabara kuu wilayani Kilwa, maeneo ya Somanga na Mikereng'ende, makalavati yakang'oka, na kwa siku kadhaa Lindi na Mtwara tukawa hatuna njia ya kwenda Dar es Salaam kwa gari. Mabasi na malori yakapanga foleni pande zote mbili. Waliolazimika kusafiri walizunguka Masasi, Tunduru, Songea, Njombe na Iringa, zaidi ya kilomita 1,500, badala ya zile 560 tulizozizoea.

Ndani ya siku hizo hizo mwanachama mwenzetu, aliyekuwa Dar kwa matibabu, akafariki. Gari la kumleta lilikuwa limeshatafutwa. Dereva akauliza njia, akajibiwa hakuna njia. Ndugu wakasubiri usiku mmoja, kisha wakaamua azikwe huko huko. Mama yake alikuwa hapa Chikongola. Tulimweka barazani na simu mapajani, sauti imefunguliwa, akasikiliza watu wakimswalia mwanawe, akawa anaitikia "amina" peke yake, nyuma kidogo ya wale wa Dar kwa sababu mtandao ulikuwa unachelewa.

Siku ya tatu familia ikaja kwa mhazini kuomba stahiki yake. Mhazini akafungua katiba. Kifungu kinasema chama kitagharamia "maiti iliyofika Mtwara." Haikufika. Mhazini hakulipa, na kwa katiba ilivyo hakuwa na makosa. Tulichanga mkono kwa mkono pale pale barazani, lakini maneno yaliyotoka siku ile bado yapo kwenye mioyo ya watu, na baadhi ya viti vilivyo wazi leo ni vya watu wa ukoo ule.

Kifungu hicho kiliandikwa na wazee wenye akili zao. Zamani hakukuwa na daraja la Mto Rufiji. Watu walivuka kwa pantoni pale Ndundu, na masika yakikolea njia ilikuwa imefungwa, unasubiri meli. Mtu aliyefia Dar alizikwa Dar na hakuna aliyetarajia vinginevyo. Daraja lilipofunguliwa mwaka 2003, likapewa jina la Mzee Mkapa, mtoto wa Lupaso, na miaka iliyofuata lami ikakamilika hadi kile kipande kigumu cha Ndundu–Somanga, tukaanza kuona kuletwa nyumbani ni haki ya kila maiti. Ndipo kifungu kikaandikwa, cha kuzuia watu kudai fedha za misiba ya mbali isiyothibitika. Kiliandikwa na watu walioamini barabara haitakatika tena.

Nusu ya pili ya mwaka naipitia haraka. Tarehe 1 Agosti treni ya umeme ya kutoka Dar hadi Dodoma ilizinduliwa rasmi. Tunawapongeza wenzetu, reli yetu ya Mtwara na Nachingwea, iliyojengwa na Mwingereza kwa ajili ya karanga, iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na tangu hapo tunasikia ahadi ya reli ya kwenda Mbamba Bay, Ziwa Nyasa. Septemba ilikuwa mbaya: Ali Mohamed Kibao, kiongozi wa Chadema, alishushwa kwenye basi Dar na watu wenye silaha, na kesho yake mwili wake ukapatikana Ununio. Rais alilaani na kuagiza uchunguzi. Chama hiki hakina siasa na hakitakuwa nayo, lakini sisi kazi yetu ni maiti, na maiti ya namna ile haipiti bila kutajwa kwenye taarifa yangu. Oktoba 29 aliondoka Jenerali David Musuguri, Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988, mpiganaji wa Kagera, akiwa na umri wa miaka 104. Wastaafu wa jeshi waliomo humu waliomba tumsomee dua, tukamsomea.

Jumamosi ya Novemba 16 ghorofa lilianguka Kariakoo. Mnajua wenyewe, hakuna mtaa hapa usio na kijana Kariakoo. Simu za Mtwara nzima zilikuwa zinaita asubuhi ile, na wengine walikuwa wakipigiwa na waliofukiwa, kutoka chini ya kifusi. Uokoaji ulichukua siku kadhaa na waliokufa walizidi 25. Katikati ya huzuni hiyo, tarehe 19, Msuva akaifunga Guinea na Stars wakafuzu AFCON nyingine. Watu walishangilia kwa sauti ya chini, kama wanaoogopa kusikiwa. Kisha Novemba 27, siku tuliyopiga kura ya serikali za mitaa, tukaamka na habari ya Dkt. Faustine Ndugulile, mbunge wa Kigamboni, kufariki India akiwa na miaka 55. Agosti alikuwa amechaguliwa kuliongoza Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika, na kiti chake kilikuwa kinamsubiri Februari 2025.

Kuhusu uchaguzi wenyewe, jambo moja la kiutendaji: baadhi yenu mmepata wenyeviti wapya wa mitaa. Nendeni mkajitambulishe mapema. Barua ya msiba haiombwi na mtu mgeni usiku wa manane.

Nimeiacha korosho makusudi. Mnada wa kwanza wa TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, tarehe 11 Oktoba, kilo ilifika shilingi 4,120. Msimu wa nyuma yake bei zilikuwa zinazunguka 2,000. Nilikuwa Newala wiki ile. Wazee waliokuwa hawajanunua shati tangu masika walikuwa dukani kwa Mpemba wanauliza bei ya pikipiki. Mabati yamepanda mapaa, ngoma za unyago zimechezwa kwa nguvu, Mungu awabariki waliocheza. Lakini daftari la ada la chama halikuonyesha kwamba mwaka huo korosho ilikuwa na bei. Waliokuwa nyuma Septemba walikuwa nyuma Desemba. Na sote tunajua kalenda ya kusini: fedha inaingia Oktoba hadi Desemba, maji yanaingia Februari hadi Mei. Hidaya ilitukuta mfuko umelala chali.

Kwa hiyo naleta hoja. Maneno "maiti iliyofika Mtwara" yaondolewe, chama kilipe msiba wa mwanachama popote atakapozikwa, kiwango kile kile, kwa cheti cha kifo na barua ya serikali ya mtaa wa huko. Wakulima walipe ada ya mwaka mzima kwa mkupuo, malipo ya AMCOS, vyama vya msingi vya ushirika, yakitoka, kabla ya mwisho wa Desemba. Wavuvi, mama lishe, watumishi na wenye vibanda waendelee na mwezi kwa mwezi. Na sehemu ya makusanyo hayo ya korosho iwekwe kando kwa dharura za masika, isiguswe kwa shughuli nyingine, hata ya kununua viti.

Najua kuna wazee wanaosema kuzikwa nyumbani ni heshima na kwamba tukilegeza kifungu vijana wa Dar wataacha kuleta wazee wao. Nimewasikiliza, tena kwa muda mrefu. Jibu langu ni kwamba anayetaka kuleta ataleta na chama kitamlipa vile vile. Aliyezuiwa na Somanga hakukosa heshima. Wengine wanaogopa misiba ya uongo. Hilo ni la kweli zaidi, na ndiyo maana nimetaja cheti.

Tukipitisha, kamati inaomba kifungu kianze kuhesabiwa tangu Mei 2024, ili ile familia ya Chikongola ilipwe stahiki yake. Nimeshazungumza na mhazini. Fedha ipo, kwa shida, lakini ipo.

Kura itapigwa kwa kunyoosha mikono baada ya hesabu. Walio nje kwenye mwembe waitwe waingie, akidi isije ikapungua. Na fundi wa turubai yupo hapa tangu asubuhi, anasubiri kuambiwa alishone lile la zamani au tununue jipya. Naomba tumjibu leo.

Mwenyekiti,
Mtwara, Januari 2025