Nilikuwa naenda kanisani kukagua kola

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua, mi ni msomaji wa siku nyingi hapa Morogoro sijawahi kuandika hata mara moja ila hili limenikaa moyoni tangu Pasaka na naona nisipolisema litaniozea ndani. Nataka niongelee sisi wakristo na hii tabia ya kwenda kanisani na uso umekunja kama tunaenda kudai mshahara, tunaimba nyimbo za furaha huku moyoni tumenuna, alafu tukitoka nje ya geti la kanisa maneno yote ni fulani kapata fulani kajenga na sisi je.

Naanza na mimi mwenyewe maana sipendi kunyooshea watu vidole.

Mi ni fundi cherehani, nina fremu yangu ndogo na mashine tatu, mbili za kawaida na ovaloki moja, ile ya kufunga kingo za kitambaa zisitoe nyuzi. Kwa miaka sita sare za kwaya ya usharika wetu nilikuwa nashona mimi, kila ikifika kipindi cha kubadilisha sare mwalimu wa kwaya ananipigia simu naenda kupima watu na kazi inaanza. Sasa akahamia fundi mwingine mtaani kwetu, kijana mpole tu, akaanza kusali kwetu, na kamati safari hiyo ikasema tunaitisha bei. Mi nikaandika elfu 25 kwa seti ufundi tu kitambaa chao, yeye akaandika elfu 22. Wanakwaya 36. Piga hesabu mwenyewe utaona ni laki 9 zilizoniponyoka hivi hivi, na nilishaziwekea bajeti, nilishamwambia mama watoto tutaezeka kile chumba cha uani.

Mhariri sikugombana na mtu. Nilisema Bwana apewe sifa, nikampa yule kijana mkono. Lakini kuanzia ile siku sikusali tena, nilikuwa nahudhuria tu. Kwaya ikisimama kuimba wenzangu wanafumba macho mi nayafumbua zaidi, naangalia kola, naangalia pindo la sketi la yule dada wa sauti ya pili limepanda upande mmoja, naangalia mashati ya besi kifungo cha pili kimekaa chini sana. Jumapili baada ya Jumapili. Mchungaji anahubiri mi nahesabu makosa ya mishono, na kila kosa nililoliona lilikuwa linanipa raha fulani, na hiyo ndiyo furaha pekee niliyokuwa natoka nayo kanisani. Karibu miaka miwili nimekaa hivyo. Watu wananiona kwenye benchi langu lile lile, natoa bahasha yangu, jumuiya naenda, hamna aliyejua.

Na nikawa na hoja nzuri tu za kujitetea, hilo ndo jambo la hatari. Nilikuwa namwambia Mungu kwenye maombi, mimi nimekutumikia hapa tangu kanisa lina bati kuukuu, zaka natoa, sare za watoto wa Sunday school nilishona bure, huyu kaja juzi. Yani nilikuwa namsomea Mungu risiti zangu. Baadae sana ndo nikagundua hayo ni maneno ya yule kaka mkubwa wa mwana mpotevu kwenye Luka 15, miaka yote nimekutumikia na hata mwana-mbuzi hujanipa. Yule kaka alikuwa yuko nyumbani, anakula nyumbani, shamba ni lake, na ngoma inapigwa ndani yeye kasimama nje anahoji watumishi.

Sasa nielezee kilichotokea. Alhamisi kabla ya Pasaka ya mwaka huu, saa moja usiku nafunga fremu, naona yule kijana kasimama na mfuko wa rambo mkubwa. Shikamoo kaka. Nikaitikia marahaba lakini kwa midomo. Akasema mota ya ovaloki yake imeungua, umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu ikaungua pale pale, na ana blauzi 11 za kwaya hazijapigwa ovaloki na Jumapili wanaziimbia, akaomba atumie yangu usiku ule, atalipa.

Nikwambie ukweli kitu cha kwanza kilichonijia moyoni ni furaha. Ile mbaya. Nikawaza Pasaka kwaya itasimama na nyuzi zinaning'inia kanisa zima lione. Nikataka kumwambia ovaloki yangu mbovu pia. Sijui kwa nini sikusema, nilichoka tu labda, nikamwambia ingia.

Akakaa kwenye mashine yangu. Mi nikabaki maana siwezi kumwachia mtu fremu usiku, nikawa namkatia nyuzi. Tukakaa hadi saa sita na kitu. Na katika kuongea akaniambia, kaka wewe hujui tu, ile tenda ya kwanza ya sare niliiomba kwa Mungu miezi minane. Mpunga wake kule Ifakara ulikwenda na maji, akaja mjini na mtoto mmoja na cherehani moja, walikuwa wanalala chini ya meza ya kukatia ndani ya ile fremu yao, na mwenye fremu anataka kodi ya miezi sita au watoke. Akasema siku mwalimu wa kwaya alipompigia alitoka nje akapiga magoti kwenye mchanga, na zile hela ndo zimempa chumba na mtoto akarudi shule. Kila Jumapili kwaya ikisimama, anasema, naziangalia zile sare nalia, namshukuru Mungu.

Mhariri nilisimamisha mkasi.

Mnaelewa? Sare zile zile. Benchi mbili tofauti ndani ya kanisa moja, wimbo mmoja, mi naangalia kola namlaumu Mungu, yeye anaangalia kola ile ile analia kwa shukrani. Kitu nilichokuwa nakiita dhuluma mbele za Mungu kilikuwa ni majibu ya maombi ya mtu aliyelala chini ya meza. Na mimi katika miaka hiyo miwili sikulala njaa hata siku moja. Kazi za harusi nilipata, za shule nilipata, chumba cha uani tuliezeka tu mwaka uliofuata. Sikukumbuka kushukuru kwa hata kimoja maana vyote nilivipima kwa ile laki 9.

Nilipofika nyumbani nikasoma Mathayo 20, wale vibarua wa shamba la mizabibu. Nilishaisoma mara nyingi lakini nilikuwa najiweka upande wa wema sijui kwa nini. Wale wa asubuhi walipatana dinari moja, wakapewa dinari moja, hawakupunjwa hata senti, kilichowauma ni kuona walioingia kazini saa kumi na moja jioni nao wana dinari. Na mwenye shamba akauliza, "Au jicho lako limekuwa ovu kwa sababu ya mimi kuwa mwema?" Jicho! Wazee wetu walioitengeneza lugha hii walijua, ndo maana wivu wa namna hii wanauita kijicho. Ugonjwa unaanzia kwenye kuangalia. Mtu hajaibiwa kitu, kaangalia mkono wa mwenzake tu.

Na sa hizi kuangalia kumerahisishwa mno. Zamani ulikuwa unamwonea kijicho jirani wa nyumba ya tatu, leo una simu, asubuhi kabla hujasema Baba yetu uliye mbinguni ushaangalia stetasi za watu arobaini, huyu yuko kwenye ndege, huyu kafunga ndoa, huyu mtoto wake kavaa joho la kuhitimu, alafu unaweka simu chini unaanza kuomba. Utaomba nini hapo zaidi ya kulalamika. Petro mwenyewe akiwa na Yesu aliyefufuka, uso kwa uso, baada ya kusamehewa, aligeuka akamwona mwenzake akauliza "Bwana, na huyu je?" na akajibiwa kwa ukali kidogo, kwamba hilo halikuhusu, wewe unifuate mimi.

Kuna jambo lingine nataka wachungaji na wazee wa kanisa wanisikilize kwa upendo. Ushuhuda. Siku hizi ukisikia anayetaka kushuhudia aje mbele, wanaokuja ni wa gari, wa kiwanja, wa viza, wa kupandishwa cheo. Sio vibaya, Mungu ndiye anayetoa na hivyo. Lakini yule mama anayeuza maandazi ambaye mguu wake bado unauma ila kaamka na kaja, hana nafasi kwenye ile foleni, anaona ushuhuda wake haujaiva. Tumewafundisha watu bila kujua kwamba shukrani ni ya waliofanikiwa, wengine wasubiri zamu yao. Alafu na yale mafundisho ya toa upokee mara mia, mtu anatoa sadaka kama anaweka amana benki, isiporudi kwa riba anakuwa na kinyongo na Mungu. Mtu anayemdai Mungu hawezi kumshukuru, hata akipewa ataona ni deni lake limelipwa.

Na manung'uniko. Jumuiya yetu tuna grupu la WhatsApp, asubuhi ni mistari ya Biblia na Amina nyingi, ikifika mchana ni mchungaji kahubiri muda mrefu, spika zinakoroma, zamani kanisa hili lilikuwa na moto siku hizi limepoa. Hilo la zamani linanikumbusha Hesabu 11, wana wa Israeli wanakinai mana wanasema wanakumbuka samaki waliokula Misri bure, na matango, na matikiti, na vitunguu. Bure! Watu waliofyatua matofali kwa kupigwa viboko wanasema walikula bure. Moyo ukishaanza kunung'unika unadanganya hadi kumbukumbu. Mimi pia nilikuwa nakumbuka ile miaka sita ya sare kama miaka ya neema tupu, nimesahau kwamba mara mbili nililipwa nusu na kumalizia ilichukua miezi.

Lakini naomba nisieleweke vibaya, maana kuna watu wakisikia somo hili wanalitumia kama fimbo. Mjane kadhulumiwa shamba la marehemu anaambiwa shukuru tu mama Mungu anajua. Hapana. Mfanyakazi hajalipwa anaambiwa mkristo halalamiki. Hapana jamani. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu hata lini utanisahau, na ipo ndani ya Biblia, hamna aliyeifuta, na ni aya sita tu lakini mwishoni mtu huyo huyo anaimba. Kulia mbele za Mungu ni imani. Mjane adai shamba lake, tena sisi tumsindikize mahakamani. Ninachokisema mimi ni lile guna guna la mtu ambaye hajadhulumiwa, wa aina yangu.

Na kitu kimenipa moyo ni hiki. Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, barua yote imejaa furahini furahini, alafu anasema "nimejifunza kuwa radhi na hali yo yote niliyo nayo". Nimejifunza. Mi hilo neno nalielewa maana najua kujifunza kulivyo, nilikaa kwa fundi wangu miaka miwili, shati la kwanza nililoshona mkono wa kulia niliuweka kushoto, nikafumua, nikashona, nikafumua. Hakuna anayezaliwa anajua kutia kola. Basi kama hata Paulo alijifunza, sisi ambao tunaona hatuna kipaji cha kushukuru tusikate tamaa, tukae kwenye mashine.

Mimi nimeanza hivi. Jioni nikifunga fremu, kabla sijazima taa, nataja kwa sauti vitu vitatu vya siku hiyo, vya kweli, sio Mungu nashukuru kwa uhai tu kwa mazoea. Mteja aliyelipa deni. Sindano haikuvunjika. Mtoto kaleta chai bila kuitwa. Na cha nne ambacho ndo kigumu, nataja kitu kizuri alichopata mtu mwingine nashukuru kwa niaba yake kama nimepata mimi. Wiki ya kwanza nilikuwa nasema huku meno yameumana. Sa hizi kuna siku yanatoka yenyewe, kuna siku hayatoki.

Yule kijana nilimwomba msamaha. Hakujua ninaomba msamaha wa nini ikabidi nimweleze kila kitu na kola zote, akanyamaza, alafu akasema kaka kumbe ile kola ya besi uliiona, na mi iliniuma. Sasa ovaloki tunatumia wote hadi atakapopata mota.

Kamati ya kwaya imeitisha tena bei za sare za Krismasi. Yeye kapeleka yake, mi nimepeleka yangu, hatujaambiana tumeandika ngapi. Majibu ni Jumapili ijayo baada ya ibada. Mhariri na wasomaji wako mnaosali naomba mniombee, sio nipate, mniombee kwaya itakaposimama siku hiyo niweze kufumba macho.

Fundi cherehani,
Morogoro